Vidole vya Mama Jenipha

Kabla havijaanza kuuma, vidole vya Petronila vilibadilika rangi. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, majira ambayo Nyamwaga, huko Tarime, inaamka na ukungu umelala juu ya migomba na watu wanatoka nje wamejitanda mablanketi. Alitumbukiza mikono kwenye ndoo aoshe vyombo vya jana, na alipoitoa akaona vidole vimepauka kama vya maiti, kuanzia ncha hadi katikati, halafu rangi ikakatika ghafla kana kwamba mtu amechora mstari. Akavisugua kwa kanga. Vikawa na rangi ya zambarau, kisha damu ikarudi kwa fujo, vikawaka moto kama vya aliyeshika pilipili.

"Baba Jenipha! Hebu njoo uone."

Makoye alipofika na mswaki wake mdomoni, vidole vilikuwa vimesharudi kawaida. Alivitazama, akatema povu pembeni.

"Baridi ya Ukuryani hiyo," alisema. "Kwetu Kahama ungeyaona wapi mambo haya?"

Walikuwa wamekuja kutoka Kahama wakiifuata dhahabu, kama wageni wengi waliopanga vyumba upande ule. Makoye alikuwa mtu wa chini, anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na kuchoronga mwamba. Petronila alifanya kazi juu, kwenye mwalo wa mzee mmoja aitwaye Mogesi, mahali ambapo mawe yaliyotoka chini yaliletwa kwenye viroba, yakavunjwa kwa nyundo, yakasagwa kwenye karasha hadi yakawa unga, ndipo ukaoshwa kutafuta dhahabu. Yeye ndiye aliyelisha karasha. Aliinama na beseni, akamimina mawe mdomoni mwa ile mashine, na mashine ikamrudishia vumbi. Jioni wanawake wa mwaloni walitoka weupe nywele na kope, wakachekana kwamba wametoka kusaga muhogo. Walijifunga vitambaa puani asubuhi. Jua likikolea wakavifungua, maana huwezi kufanya kazi ile huku unakosa hewa.

Mwaka uliofuata vidole vilianza kuvimba. Asubuhi alishindwa kukunja ngumi. Alikaa kitandani akiipasha mikono moto kwa kuibana katikati ya mapaja, akisubiri vidole vilegee kidogo ndipo aweze kujifunga kanga. Pete ya ndoa ilikatwa na fundi wa pikipiki kwa msumeno wa chuma. Zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha ya taifodi. Duka la dawa wakamwambia ni baridi yabisi, wakamchoma sindano. Zilimpa nafuu wiki moja, mambo yakarudi palepale. Makoye alileta mganga, mtu wa kwao, akamchanja chale kwenye viwiko na kupaka unga mweusi. Chale zilichukua miezi kupona.

Alijifunza kufanya kazi kwa viganja. Beseni alilibeba kwa kulikumbatia, nyundo akaiacha kabisa. Akiulizwa alisema amechoka tu. Lakini kidogo kidogo vidole vilijikunja kuelekea ndani na kukataa kunyooka, na ngozi juu yake ikakaza ikang'aa kama imepakwa mafuta. Halafu ncha zikaanza kutoa vidonda, vidogo, vyenye mashimo, visivyofunga.

Hapo ndipo neno lilipotamkwa. Hakujua nani alianza. Alichojua ni kwamba siku moja alikwenda kwenye pipa la maji ya kunywa pale mwaloni, akakuta kikombe chao wote hakipo, na kando yake kuna kopo lililokatwa, limewekwa peke yake juu ya jiwe.

"La nani hili?" aliuliza.

Wenzake waliendelea kugonga mawe. Mmoja wao, bila kuinua uso, akasema, "La kwako, Mama Jenipha. Usitufikirie vibaya. Tuna watoto."

Mzee Mogesi alimwita jioni ileile. Alisimama mbali kidogo kuliko kawaida yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Jenipha, mimi sina ugomvi na wewe. Umenifanyia kazi vizuri. Lakini watu wanasema ni ukoma huo, na wakiondoka wote mimi nitasaga na nani? Kaa nyumbani kwanza. Ukipona, nafasi yako ipo."

Nyumbani, Makoye alikuwa ameshasikia. Usiku huo alijitandikia mkeka upande wa mlangoni, na kesho yake tena, na siku zilizofuata. Alimwambia binti yao, Jenipha, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani akisubiri bahati yake, kwamba kuanzia sasa yeye ndiye atakayepika. Petronila alikula peke yake. Siku moja alimwona mumewe akimwagia sahani yake maji ya moto kwa mbali, kwenye uchanja, na jinsi alivyoishika ile birika kwa tahadhari ilimuumiza kuliko vidonda.

"Nenda kwa mdogo wako Ikoma," Makoye alimwambia mwishoni, akitazama nje. "Kapumzike."

"Unanifukuza, Baba Jenipha?"

"Nimesema kapumzike."

Theodora, mdogo wake, alikuwa ameolewa huko Ikoma karibu na geti la hifadhi, akifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli ya watalii. Alimpokea stendi. Petronila alikuwa ameficha mikono ndani ya kanga, amejiandaa kusalimia kwa kichwa tu. Theodora aliifunua ile kanga palepale mbele za watu, akaishika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku.

"Nani amekwambia ni ukoma?"

"Watu."

"Watu ni madaktari? Kesho tunakwenda kupima. Kama ni ukoma tutajua, kama siyo tutajua. Na usinifichie mikono, dada. Mimi ni tumbo moja na wewe."

Kituo cha afya kilikuwa na tabibu aitwaye Benedicto, mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kuguna kabla ya kusema. Alimsikiliza Petronila mpaka mwisho bila kuandika. Kisha akamwambia afumbe macho, akachukua pamba, akaisokota ncha ikawa nyembamba kama uzi.

"Nikikugusa, nionyeshe wapi. Ukoma huondoa hisia."

Petronila alifumba macho na kuomba Mungu. Pamba iligusa kidole gumba, akaonyesha. Ikagusa upande wa kiganja, mgongo wa mkono, shavu, goti, unyayo. Kila ilipogusa alionyesha. Benedicto alimpapasa nyuma ya viwiko akitafuta mishipa iliyovimba. Akatafuta mabaka mgongoni. Akakwangua ngozi ya ndewe ya sikio kidogo sana, akapeleka kwenye darubini, akawaambia wasubiri nje.

Aliporudi alikaa kwanza.

"Siyo ukoma, mama."

Theodora alipiga kigelegele kilichowashtua wagonjwa kwenye benchi. Petronila alijikuta amepiga magoti sakafuni, analia na kucheka, anasema asante Yesu, asante Yesu, na hata hakusikia maumivu ya kujiegemeza kwenye mikono ile. Alikuwa akimwona Makoye anakunja mkeka wa mlangoni. Alikuwa akiliona kopo la mwaloni linatupwa.

Benedicto aliguna. "Inuka, mama. Bado sijamaliza."

Alijaribu kuifinya ngozi ya mgongo wa mkono wake, kama mtu anayetaka kuinyanyua. Haikunyanyuka. Ilikuwa imeshikana na mifupa. Akajaribu ya mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha ya paji la uso. Akamwambia afungue mdomo kadiri awezavyo, akautazama, akamwambia aufungue zaidi.

"Ndiyo mwisho," Petronila alisema.

"Zamani ulikuwa mdogo hivi?"

Petronila hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Theodora ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, "Hapana. Dada alikuwa na mdomo mpana. Tulikuwa tunamtania."

"Ugali unakwama ukimeza?"

"Siku hizi nasukumia na maji."

"Ukipanda mlima?"

"Napumzika njiani. Nilidhani ni uzee."

"Una miaka mingapi, mama?"

"Thelathini na tisa."

Benedicto alivuta karatasi ya rufaa. "Ukoma naujua," alisema hatimaye. "Nimewatibu watu, wakapona. Huu siujui vizuri, na sitaki kukudanganya kwa vidonge vya maumivu. Nakuandikia uende Mwanza, hospitali kubwa. Usichelewe."

Jioni ile Petronila alimpigia mumewe.

"Baba Jenipha, wamenipima. Siyo ukoma! Wamesema kabisa, siyo ukoma!"

Makoye akauliza, "Basi ni nini?"

"Bado hawajajua. Nakwenda Mwanza."

"Haya. Wakijua utaniambia."

Simu ikakatika. Petronila aliendelea kuishika sikioni kidogo, kwa viganja viwili, ili mdogo wake asione kwamba mazungumzo yameisha.

Mwanza, yeye na Theodora walisubiri sana kwenye korido ndefu iliyonuka dawa ya sakafu. Daktari aliyewaona aliitwa Verdiana, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi. Alidondosha tone la mafuta chini ya kucha za Petronila, pale kucha inapoanzia kwenye nyama, akawasha kitochi chenye lenzi, akainama karibu sana.

"Mishipa midogo ya hapa imeharibika," alisema, kama anayejisemea. "Mingine haipo kabisa."

Alimsikiliza mapafu kwa muda mrefu, akihamisha kile chombo hatua kwa hatua mgongoni. Alimpeleka kupigwa picha ya kifua, akachukua damu ya kupelekwa maabara. Siku majibu yalipokuja, aliibandika ile picha kwenye taa ya ukutani, akaitazama, na swali lake la kwanza halikuhusu vidole.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Tunalima kidogo."

"Na kabla ya kulima?"

Petronila alimtazama Theodora. "Nilikuwa mwaloni. Machimboni. Nalisha karasha."

"Miaka mingapi?"

"Tangu tufike Tarime. Jenipha alikuwa hajaanza shule."

Daktari alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Alisema jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Petronila alimwomba alitaje kwa Kiswahili. Daktari akasema jina la Kiswahili hajalisikia, lakini maana yake ni ngozi kuwa ngumu.

"Mwili wako umejigeukia wenyewe. Unatengeneza kovu mahali pasipo na jeraha. Ugonjwa ulianza kwenye mishipa ya vidole, ndiyo maana vilikuwa vinapauka kwenye baridi. Ukaja kwenye ngozi, ndiyo maana havinyooki. Sasa umeingia kwenye koo na mapafu. Kuna watu wanaupata hivihivi, hatujui kwa nini. Lakini vumbi la mawe linajulikana kuuamsha, na kifua chako kimejaa vumbi hilo. Siwezi kukuapia, mama, ila ukiniuliza ninachoamini, nitakwambia umetoka pale kwenye karasha."

"Sasa dawa yake?"

"Zipo za kufungua mishipa, vidonda vitapungua. Zipo za kuupunguzia kasi. Utazitumia siku zote."

"Mpaka nipone."

Dk. Verdiana hakukwepesha macho. "Siwezi kuuponya, mama. Ungekuwa ukoma, ningekupa vidonge ukameza mwaka mzima, ungetoka hapa mzima. Wanaogopa ukoma bure. Huu ndio wa kuogopa."

Theodora alianza kulia kwa kwikwi. Petronila hakulia. Alikumbuka jinsi alivyopiga magoti pale Ikoma akimshukuru Yesu, na aibu ikampanda usoni, aibu ya ajabu, kama mtu aliyeshangilia kwenye msiba kwa kukosea nyumba.

"Wenzangu pale mwaloni," alisema. "Wote utawapata?"

"Huu wa ngozi, wachache. Lakini mapafu, wengi. Vumbi halichagui."

Alitoka nje, akakaa kwenye ukingo wa saruji chini ya dirisha la famasi. Hakutaka kumpigia Makoye. Alitaka kusikia sauti ya mtoto wake tu. Theodora alimbonyezea namba.

Jenipha alipokea, lakini sauti yake haikusikika vizuri. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo, na ndani ya mngurumo huo mawe yakigongana. Petronila aliujua kabla hajauliza. Aliusikia kila siku kwa miaka. Hata akilala ulikuwa masikioni.

"Jenipha, uko wapi?"

"Niko kazini, mama. Ngoja nisogee. Baba alisema nishike nafasi yako kwa muda, mpaka upone. Mzee Mogesi kakubali. Mama? Upo? Wamekuambia ni nini?"

Daktari alitaka kumlaza. Petronila alichukua dawa, akaahidi kurudi, na safari ikawa ya kwenda Nyamwaga moja kwa moja. Theodora aliomba ruhusa kazini kwa simu, akanyimwa, akaenda naye hivyohivyo.

Walifika mwaloni jua likiwa kali. Petronila alilazimika kusimama mara kwa mara kwenye kile kipande cha mlima alichokuwa akikipanda na beseni kichwani. Jenipha alikuwa ameinama mbele ya karasha, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kitambaa kimeshuka shingoni. Alipomwona mama yake alitabasamu, na meno yake yakaonekana ya njano katikati ya weupe ule.

"Zima mashine," Petronila alisema. Hakuna aliyemsikia. Akatembea mpaka kwenye mdomo wa karasha, akasimama mbele yake, kifua karibu na chuma, hata mawe hayakuwa na pa kupita. Mtu wa injini akazima haraka akitukana.

Kukawa kimya. Wanawake waliinua nyuso zao. Mmoja alimwita Makoye kutoka kwenye duara, naye akaja na tochi yake kichwani, akasimama ng'ambo ya rundo la viroba.

Petronila aliwaambia. Hakujua kupanga maneno, akasema jinsi alivyoambiwa: vidole, koo, mapafu, vumbi. Alisema siyo ukoma na hauambukizi, lakini umetoka hapa. Alipomaliza alikuwa anahema.

Mzee Mogesi alikuna shingo. "Mbona mimi niko hapa miaka yote na sina kitu?"

"Wewe, mzee, unakaa kule kwenye kivuli," Theodora alimjibu. "Karasha hulishi."

"Daktari wa Mwanza anajua nini cha machimbo?" Makoye alisema. "Mimi vumbi nalila tangu ujana. Mbona vidole vyangu vinanyooka?" Akavinyoosha, kuwaonyesha watu. Mkono ulikuwa imara. Lakini maneno mengi yalikuwa yamemchokoza kifua, akaanza kukohoa, akageuka pembeni, akakohoa mpaka akashika magoti, na wanawake wakasubiri amalize bila kumtazama.

"Jenipha, chukua nguo zako," Petronila alisema. "Twende kwa mama mdogo."

"Tutakula nini, mama? Na dawa zako?"

"Hoteli wanahitaji wafuaji," Theodora alisema. "Sijui kama na mimi bado nina kazi, lakini tutaomba."

Jenipha alimtazama baba yake. Makoye alikuwa ameketi juu ya kiroba. Halafu akauliza, na sauti yake safari hii ilikuwa ya chini, ya watu wawili waliozoea kuzungumza gizani, "Alisema nini kuhusu mtu wa chini? Anayechoronga?"

"Alisema vumbi halichagui, Baba Jenipha. Njoo nawe upigwe picha ya kifua."

Makoye alitikisa kichwa taratibu. "Nikishajua, nitafanya nini?" Akainuka, akajipangusa suruali. "Mchukue mtoto."

Akarudi duarani kwake. Petronila alimtazama mwanga wa kichwa chake ukishuka kwenye shimo, mpaka haukuonekana. Hakuja kumshika mkono. Walipokuwa wanashuka mlima, karasha iliwashwa tena. Mwanamke mwingine alikuwa ameshika beseni.

Theodora alirudishwa kazini baada ya kubembeleza sana, na miezi miwili baadaye Jenipha naye akaajiriwa kufua. Dawa zilisaidia vidonda vya ncha za vidole kufunga, na asubuhi za baridi hazikumtesa kama mwanzo. Mengine hayakurudi. Vidole vilibaki vimejikunja, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Mdomo ulizidi kuwa mdogo. Kila alipokwenda Mwanza, Dk. Verdiana aliyasikiliza mapafu yake kwa muda mrefu zaidi.

Siku moja alimwomba Jenipha arekodi sauti yake kwenye simu, waitume kwa wanawake wa mwaloni na kwa baba yake. Aliwaambia wamwagie mawe maji kabla ya kusaga, wasifungue vitambaa, na kama kuna ambaye vidole vyake vinapauka kwenye baridi asisubiri. Ilimbidi anyamaze katikati mara kadhaa ili avute pumzi, na Jenipha alitaka kuvikata vipande vile vya ukimya. Petronila akamwambia aviache.

Majibu yalikuja jioni. Kadhaa walisema pole. Mmoja aliuliza kama ni kweli maziwa yanaondoa vumbi kifuani. Mwingine, yuleyule aliyemwambia habari ya kopo, aliandika kwamba wamejaribu kumwagia maji lakini unga unaganda na mzee Mogesi amegomba. Makoye hakuandika kitu, ingawa Jenipha alimwonyesha mama yake alama kwamba ameisikiliza.

"Ameisikiliza lini?"

"Ileile asubuhi, mama. Ilivyofika tu."

Jenipha alinawa mikono, akavuta sahani, akaanza kumega ugali matonge madogo madogo, akiyachovya kwenye mchuzi hadi yalowe, na kumlisha mama yake moja baada ya jingine, akisubiri kila moja lishuke.